Somo la 7: Kuusoma Uso wa Nchi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Luka 12:54–57, Mwa. 1:26–28, 2:15, Hos. 4:1–3, Law. 25:1–7, 2 Nya. 36:20, 21, Rum. 8:18–23, Ufu. 11:18, 14:6, 7.

Fungu la Kukariri: Mwanzo 2:15. Lisome katika Biblia yako na kulikariri. Angalia kwa makini vitenzi viwili vinavyoeleza kazi aliyopewa mwanadamu bustanini.

Nilibatizwa katika ndiva. Kwa msomaji asiyetoka Upare, ndiva ni bwawa dogo ambalo wazee wetu walilijenga mlimani kwa mawe na udongo. Usiku hukusanya maji ya chemchemi, na asubuhi hufunguliwa ili maji yashuke kwa mifereji hadi mashambani. Katika kijiji chetu, kwenye milima ya Upare ya Kusini, wilayani Same, ndiva ilijaa kwa usiku mmoja tu. Sabato ile ya ubatizo wazee wa kanisa waliwaomba majirani isifunguliwe mpaka adhuhuri. Maji yalinifika kifuani.

Mwaka juzi nilirudi nyumbani wakati wa makambi. Ubatizo ulifanyika katika tangi la saruji nyuma ya kanisa, na maji yake yalikuwa yamebebwa kwa ndoo tangu Jumatano. Ndiva ipo, lakini siku hizi hukaa siku tatu bila kufunguliwa, na hata hivyo haijai. Baada ya ibada, shemasi mmoja, mama aliyenifundisha mafungu ya kukariri nikiwa mtoto, aliitikia shikamoo yangu, akanishika mkono na kuuliza: "Mwanangu, wewe umesoma. Ukame huu ni dalili ya mwisho, ni Mungu ametukasirikia, au ni mikono yetu?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Juma hili tutalichukua swali lake na kulipeleka mbele ya Neno la Mungu.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Mnajua Kuliangalia Wingu

Soma Luka 12:54–57. Yesu anawasifu watu kwa ujuzi gani? Anawakemea kwa kosa gani?

Wasikilizaji wa Yesu walikuwa wakulima na wavuvi. Wingu likitokea upande wa magharibi, walikotoka kwenye bahari, walijua mvua inakuja. Upepo wa kusi ukivuma, walijua joto linakuja. Yesu hakuwadharau kwa maarifa hayo. Aliwauliza kwa nini watu wanaojua kuliangalia anga namna hiyo hawataki kuutambua wakati wao wenyewe, na kwa nini hawaamui wenyewe lililo haki.

Mama yangu alikuwa na maarifa kama hayo. Alijua mvua za vuli zitaanza Oktoba na masika yatafika Machi. Mawingu yakilala siku tatu juu ya msitu wa Shengena, alitoa mbegu za maharage kwenye kibuyu. Leo dada yangu anapanda shamba lilelile, naye ananiambia ameacha kuamini mawingu. Mvua ya kwanza humdanganya. Anapanda, mbegu zinachipua, kisha jua linawaka majuma matatu. Mvua ikirudi, inakuja yote kwa siku mbili na kuuchukua udongo.

Mtu anaweza kusema kwamba ukame ulikuwapo tangu zamani, naye atakuwa amesema kweli. Mwaka mmoja mbaya hauthibitishi jambo. Ndiyo maana wataalamu wa hali ya hewa hupima tabia ya nchi kwa miaka 30 hivi. Lakini vipimo vya miaka mingi vinaelekea upande mmoja na macho ya dada yangu. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa kulikuwa na takribani 280 za gesi ya kaboni dayoksaidi. Leo zimepita 420. Gesi hiyo hufanya kazi kama blanketi, huzuia joto lisitoke. Dunia imepata joto zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Hewa yenye joto hunyonya unyevu zaidi kutoka ardhini, kisha huuachilia kwa kishindo. Ndiyo sababu mahali pamoja panaweza kuwa na ukame mkali zaidi na mafuriko makubwa zaidi.

Ukisafiri kutoka Same kwenda Moshi siku ambayo mawingu ni machache, utauona mlima Kibo. Kati ya mwaka 1912 na 2007, takribani asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu yake lilitoweka. Wataalamu wanajadiliana ni kiasi gani kimetokana na joto na ni kiasi gani kimetokana na kupungua kwa theluji, lakini kwamba barafu imepungua kila mwenye macho anaona.

Wewe mwenyewe umeona nini kikibadilika katika mvua, mito au mashamba ya mahali ulipokulia? Je, umewahi kuyatafakari hayo mbele za Mungu, au umeyazoea tu?

JUMATATU

Kulima na Kutunza

Soma Mwanzo 1:26–28 na Mwanzo 2:15. Mamlaka aliyopewa mwanadamu juu ya viumbe yanaelezwaje na kazi aliyopewa katika bustani?

Watu wengi huishia katika sura ya kwanza. Huona neno la kutawala na kutiisha, nao hulichukua kama ruhusa ya kufanya wapendavyo. Lakini sura ya pili inatuonyesha mtawala huyo kazini, na kazi yake ni ya mtumishi. Kitenzi cha kwanza cha Kiebrania katika fungu letu la kukariri, abad, maana yake ni kufanya kazi na kutumikia. Cha pili, shamar, maana yake ni kulinda, kuchunga, kutunza kwa uangalifu.

Kitenzi hicho cha pili Waadventista tunapaswa kukijua vizuri. Soma Kumbukumbu la Torati 5:12. Pale Mungu anapowaamuru Israeli kuishika siku ya Sabato, neno linalotumika ni shamar. Soma pia Mwanzo 4:9. Kaini anapouliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake, ni neno hilohilo. Biblia hutumia kitenzi kimoja kwa habari ya kuitunza bustani, kumtunza ndugu na kuitunza Sabato.

Kwa hiyo mtu hawezi kujisifu kwamba anaishika Sabato huku akiiharibu ardhi ambayo Sabato inamkumbusha kuwa imeumbwa na Mungu. Wala hawezi kuiharibu ardhi bila kumgusa ndugu yake. Wazee wa Upare walilielewa hilo kwa njia yao. Kila ndiva ilikuwa na mlinzi, na kila familia ilikuwa na zamu yake. Aliyefungua maji usiku kwa siri alihesabiwa kuwa amewaibia wote walio chini yake, kwa maana maji anayoyachukua wa juu ndiyo anayoyakosa wa chini.

Imani yetu ya msingi namba 21, ya uwakili, inasema jambo la namna hiyo: tumekabidhiwa ardhi na mibaraka yake, nasi tutatoa hesabu kwa Mwenye mali.

Ni nani anayeishi "chini yako" kwenye mfereji, yaani anayepokea matokeo ya jinsi unavyotumia maji, miti, ardhi na moto? Je, unamjua kwa jina?

JUMANNE

Nchi Inayoomboleza

Soma Hosea 4:1–3. Nabii anataja dhambi gani? Matokeo yake yanafika wapi?

Hosea anaanza na mambo ambayo tungetarajia kuyasikia katika mahubiri: hakuna kweli, hakuna fadhili, hakuna kumjua Mungu, kuna uongo, uuaji na wizi. Lakini katika aya ya 3 anatushangaza. Nchi yenyewe inaomboleza. Wanyama, ndege na hata samaki wanadhoofika. Wao hawakuiba wala hawakusema uongo.

Hapa sina budi kusema la kwangu. Juu ya chemchemi inayoijaza ndiva yetu palikuwa na miti mikubwa ya asili. Nilipokuwa kijana wa sekondari, baba alipewa kibali cha kuikata. Tuliikata kwa msumeno wa watu wawili. Yeye alishika upande mmoja, mimi nilishika wa pili. Sehemu ya mbao ilienda kwenye paa la kanisa letu, na sehemu ililipa ada yangu ya shule. Mahali pake tukapanda mikaratusi kwa sababu inakua haraka na nguzo zake zina soko. Hakuna aliyetuambia kwamba mkaratusi hunywa maji mengi. Watu wazima wachache walinong'ona, lakini nani angebishana na paa la kanisa?

Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa na shida ya kweli na kusudi jema. Lakini chemchemi haikuangalia kusudi letu.

Tukiyasema hayo, tuseme pia lililo haki. Miti yetu haikuyeyusha barafu ya Kibo. Joto la dunia limesababishwa zaidi na makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa kwa zaidi ya miaka mia mbili, kwa sehemu kubwa katika nchi tajiri. Afrika yote hutoa takribani asilimia 4 tu ya kaboni dayoksaidi inayotolewa duniani kila mwaka. Mkulima wa Same analipa deni ambalo sehemu kubwa yake hakulikopa. Manabii hawakunyamazia mambo ya namna hiyo, nasi tusiyanyamazie. Hata hivyo, kosa la jirani tajiri halifuti langu. Toba ya kweli huanza na upande wa msumeno niliokuwa nimeushika mimi.

Jambo moja la kuangalia: Hosea hatupi ruhusa ya kumnyooshea kidole kila aliyepatwa na msiba. Soma Luka 13:1–5. Yesu alikataa kabisa kusema kwamba wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Familia ambayo nyumba yake imefukiwa na udongo wa mlima haihitaji kuambiwa Mungu ameikasirikia. Inahitaji blanketi, unga na mkono wa ndugu.

Tofauti kati ya kukiri sehemu yetu na kuwahukumu walioumizwa ni ipi? Tunawezaje kufanya la kwanza bila kuanguka katika la pili?

JUMATANO

Sabato ya Nchi

Soma Mambo ya Walawi 25:1–7. Katika mwaka wa saba ni nani waliopumzika, na ni nani waliokula?

Mungu hakuwapa Israeli Sabato ya siku ya saba peke yake. Aliipa nchi nayo Sabato yake. Mwaka wa saba shamba halikupandwa wala mzabibu haukupogolewa. Kilichoota chenyewe kilikuwa chakula cha mwenye shamba, cha mtumwa, cha mgeni, cha mifugo na hata cha wanyama wa mwituni. Sheria hiyo iligusa mahali panapouma, yaani ghala. Mtu alipaswa kuamini kwamba Mungu aliyempa mavuno ya mwaka wa sita angemtunza asipopanda wa saba.

Soma 2 Mambo ya Nyakati 36:20, 21. Uhamisho wa Babeli uliipa nchi nini?

Mwandishi anaona jambo ambalo wengi hulipita. Miaka 70 ya uhamisho ilikuwa pia miaka ya nchi kupata Sabato zake. Watu walipokataa kuipumzisha kwa hiari, ilipumzika bila wao. Ardhi ina Bwana wake, naye hasahau haki zake.

Sisi hatuko chini ya sheria za mashamba za Israeli, lakini kanuni iliyo ndani yake haijazeeka: kuna kikomo cha kuchukua. Sabato hutufundisha kikomo hicho kila juma. Kwa saa 24 tunaacha kununua, kuuza na kuvuna, nasi tunagundua kwamba tumeshiba. Mtu aliyejifunza kusema "yatosha" Ijumaa jua linapozama anaweza kujifunza kulisema Jumatatu pia, mbele ya msitu, gunia la mkaa au pampu ya maji.

Tuanzie nyumbani mwetu wenyewe. Makambi yetu hupikia mamia ya watu. Kuni hushushwa kwa lori, na mafiga matatu hula nusu ya moto bure. Jiko banifu la kujengwa kwa udongo na matofali lingepunguza kuni hizo, na akina mama wa jikoni wangepumua vizuri zaidi.

Ni wapi katika maisha yako, au katika mipango ya kanisa lako, ambapo neno "yatosha" halijasemwa bado?

ALHAMISI

Si Yatateketea Yote?

Soma Warumi 8:18–23. Ufunuo 11:18 na 14:6, 7. Mafungu haya yanamwonyeshaje Mungu akiuhusisha uumbaji na siku za mwisho?

Nilipozungumza na vijana wa kanisa letu kuhusu chemchemi, mmoja wao alisema kwa uaminifu jambo ambalo wengi huliwaza: "Mwalimu, 2 Petro 3:10 inasema dunia itateketea kwa moto. Bwana yu karibu. Kwa nini tupande miti?" Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Sisi ni watu wa marejeo, na kwetu ukame na mafuriko ni sehemu ya kuugua kwa dunia inayomngojea Bwana wake.

Lakini mwili huu nao utabadilishwa Yesu ajapo. Je, kwa sababu hiyo tunavuta sigara? Kanisa letu limefundisha kanuni za afya tangu siku za waanzilishi wake, kwa sababu mwili ni mali ya Mungu leo, hata kama kesho atatupa mwingine. Tukilielewa hilo kuhusu mwili, tunawezaje kushindwa kulielewa kuhusu ardhi?

Ufunuo 11:18 unasema kwamba wakati wa hukumu Mungu atawaangamiza wale wanaoiharibu nchi. Uharibifu huo una upana wa kila uovu, lakini hatuwezi kuuondoa udongo wenyewe katika maana ya nchi. Sasa linganisha na ujumbe wa malaika wa kwanza. Anawaita watu wamsujudu Muumbaji, naye anataja kazi nne za mikono yake: mbingu, nchi, bahari, na chemchemi za maji.

Ujumbe huo ulifika Tanganyika kupitia milima ya Upare, wamisionari wa Kiadventista kutoka Ujerumani walipoanza kazi pale Giti mwaka 1903. Babu zetu walihubiriwa habari za Mwumba wa chemchemi wakiwa wamezungukwa na chemchemi. Mimi niliurithi ujumbe ule, nikauimba na kuukariri, kisha nikakata miti iliyoilinda mojawapo ya chemchemi hizo. Midomo yangu ilimsujudu Aliyeifanya, na mikono yangu ikaikausha.

Kungoja kwa uaminifu hakujawahi kuwa kukaa bure. Katika Mathayo 24:45, 46 mtumwa anayesifiwa ni yule ambaye bwana wake anamkuta akiwapa wenzake chakula kwa wakati wake. Pasipo maji na udongo, chakula hicho kitatoka wapi?

Kama Yesu angerudi juma hili, angekukuta ukifanya nini kwa ajili ya kile alichokukabidhi?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma sura ya "Uumbaji" katika kitabu cha Ellen G. White, Wazee na Manabii. Ufahamu pia kwamba mwaka 1995 viongozi wa Kanisa letu ulimwenguni walitoa tamko kuhusu hatari za mabadiliko ya tabia ya nchi, na mwaka 1996 wakatoa lingine kuhusu uwakili wa mazingira, wakiwaita waumini kuishi maisha ya kiasi, yasiyo ya kupapia vitu na ya ubadhirifu. Jambo hili si geni katika nyumba yetu.

Nilirudi kijijini tena. Sabato moja, wakati wa shuhuda, nilisimama chini ya paa lile na kuwaambia ndugu mbao zake zilitoka wapi na mimi nilifanya nini. Baba amelala mauti, hivyo nilisema la kwangu tu. Kulikuwa kimya. Kisha mzee mmoja akasema, "Hata mimi nilibeba." Mwingine akasema vivyo hivyo.

Jumapili tulipanda na mapanga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, nasi tuliona chemchemi nayo inastahili heshima hiyo. Tukapima hatua. Mikaratusi iliyokuwa ndani ya mpaka, ambayo ilikuwa mali ya familia yetu, ikaanza kuondolewa. Vijana wamepanda mikuyu na miti mingine ya asili, na kila darasa la Shule ya Sabato lina miche yake ya kumwagilia. Kuna iliyokufa, nasi tumeipanda upya.

Ndiva haijajaa. Mikuyu haikui kama mikaratusi, na joto la dunia halitapoa kwa sababu ya kijiji kimoja. Lakini mwaka huu tope la chemchemi lilikuwa bado na unyevu mwezi Julai.

Nilimweleza hayo mama yule shemasi, na safari hii nilijaribu kumjibu. Nilimwambia: "Mama, ni dalili, maana uumbaji wote unaugua. Ni mikono yetu pia, na mikono ya watu wa mbali wasiotujua. Lakini Mungu hajatutupa. Angekuwa ametutupa, asingetuonyesha." Alitikisa kichwa polepole, akauliza kama kuna miche iliyobaki.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, mwombeni mshiriki mwenye umri mkubwa kuliko wote aeleze jinsi mvua, mito na misitu ya eneo lenu ilivyokuwa ujanani mwake. Je, mnachokisikia kinawaita kutubu nini, na kushukuru kwa nini?

2. Nchi zilizochangia kidogo joto la dunia mara nyingi huumia zaidi. Waumini wasemeje kuhusu dhuluma hiyo bila kuigeuza kuwa kisingizio cha kutofanya lolote?

3. Mungemjibu vipi kijana anayeuliza kwa nini tupande miti ilhali dunia itateketea? Tumieni mafungu ya Alhamisi.

4. Wakati mwingine tunafanya madhara tukiwa na kusudi jema, hata kusudi la kanisa. Baraza la kanisa linawezaje kujenga mazoea ya kuuliza, kabla ya kuanza mradi, ni nani aliye chini ya mfereji?

5. Chagueni jambo moja dogo ambalo darasa lenu linaweza kulifanya kabla ya robo hii kwisha: jiko la makambi, chanzo cha maji, kitalu cha miche. Nani atalisimamia?

Muhtasari: Kuona jinsi hali ya hewa inavyobadilika ni mwanzo tu. Kristo anatuita tuamue lililo haki: tukiri sehemu yetu, tuwasaidie walioumizwa, na tuitunze nchi kama mawakili wanaomngoja Mwenye nchi. Anayemsujudu Aliyeziumba chemchemi hawezi kuwa mtu wa kuzikausha.